Samaki chini, mboga juu: akwaponiki ya nyumbani kwa sisi wenye kuishi juu ya mawe ya Goma

Wandugu, kila mtu akiingia mu parseli yetu hapa Ndosho anauliza ile siterni yenye majani inaota juu ni kitu gani, namueleza haraka haraka, anaenda, wiki inayofuata ananitumia vokali ya dakika tano ati yaya nieleze tena ile mambo ya samaki. Donk leo naandika yote mara moja, mtu asome pole pole, asiyeelewa arudi nyuma.

Sisi huku udongo hatuna, mnajua. Ukipiga jembe linalia tu, chini ni mawe ya volkano yetu, Nyiragongo. Ya 2002 ilifunika fasi kubwa ya mji, ya 2021 ikashuka tena ikasimama pembeni ya mji, na kila mara tunajenga juu ya jiwe. Kumbe hilo jiwe lenye tunalilalamikia kila siku, kwa kazi hii ni dhahabu, nitafika hapo.

Kwanza uelewe nani anafanya kazi

Samaki anakula, anachafua maji, na anatoa amonia, nyingi inapitia ku matamvua yake. Amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria zinageuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha bakteria zingine zinageuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati njo chakula ya mboga. Mboga inakunywa, maji inarudi chini ikiwa safi, samaki anaendelea. Mbolea ya duka karibu hakuna, hakuna kumwaga maji kila siku.

Mimi hii hesabu niliisoma lakini sikuiamini. Mara ya kwanza nilijaza tanki siku ya posho, siku ya yenga nikaweka samaki 30 wadogo, nikawapa chakula kama mtu anayelisha kuku, siku ya tisa nikakuta 22 wanaelea. Majirani wakasema ni maji ya ziwa Kivu iko na gazi. Haikuwa gazi hata kidogo, ni mimi sikungoja bakteria. Wewe unafuga bakteria kwanza, samaki wanakuja nyuma yao, ukishika hiyo ingine yote ni tiyo (mabomba) na gundi.

Tanki na fasi ya kuiweka

Rahisi kuliko yote ni ile siterni ya plastiki nyeupe ya litri 1000 yenye iko ndani ya chuma. Unaikata kwa musumeno: fasi ya chini inabaki karibu litri 700, hiyo ni nyumba ya samaki, kipande cha juu unakigeuza, kinakuwa kitanda cha mboga chenye urefu wa kwenda chini sentimita 30, na upana wake ni mita 1 kwa 1.20. Chuma unaikata pia kwa fundi wa kusudea, kitanda kinakaa juu ya tanki, maji inarudi yenyewe kwa kushuka.

Uliza ile siterni ilibeba nini mbele. Ikiwa ilibeba mafuta ya kula ao juisi, unaosha kwa maji moto na sabuni, unasuuza mpaka harufu inaisha. Ikiwa muuzaji anazungusha maneno, ama unasikia harufu ya rangi, ya dawa, ya mazut, acha hata kama anakupunguzia bei. Ukikosa siterni, mapipa mawili ya plastiki ya litri 200 yanatosha kuanza, moja ya samaki, ingine unaikata katikati kwa urefu unapata vitanda viwili.

Fasi: litri moja ya maji ni kilo moja, donk ukijumlisha maji, mawe na chuma unapita tani moja. Sawazisha chini kabisa kwa gravie na mchanga, tumia niveau ya fundi, usiamini macho. Weka fasi yenye jua inapiga mboga kwa muda wa saa tano ao sita kila siku, lakini tanki yenyewe ufunike na bashi nyeusi, juu mwangaza ukiingia mu maji utapata majani ya kijani kama ya kaniveau, na usiku inakula oksijeni ya samaki. Ile bashi nyeusi inasaidia pia na joto. Hapa tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, usiku baridi inashuka mpaka digri 15, na tilapia anapenda 26 mpaka 30. Maji ya ziwa inabaki ku 23 ama 24 sababu ziwa ni kubwa, lakini tanki yako ndogo inapoa usiku moja. Mimi nilizungusha mbao pande zote nne, mu nafasi ya katikati nikajaza maranda ya kwa menuizie. Ilinipa digri mbili tatu hivi, si haba.

Mawe

Hapa njo tunashinda watu wa Ulaya, wao wananunua vidonge vya udongo vya kuchomwa mu saketi, bei ya kulia.

Mawe ya volkano yetu iko aina mbili kwa kazi hii. Kuna lile zito, la kujengea, limefungana, unalipiga nyundo linatoa moto. Hilo linafaa lakini litavunja meza yako kwa uzito. Na kuna lile jepesi, jekundu ama jeusi, limejaa matundu kama mkate, ukilibeba unashangaa. Hilo njo unatafuta. Kila tundu ni nyumba ya bakteria, kwa kipande kidogo tu unapata fasi kubwa sana ya kukaa. Wale wamama wenye kuvunja gravie kando ya barabara watakuvunjia, ila uwaambie size: sentimita 1 mpaka 2. Kubwa kupita hapo mizizi inakosa kushika, ndogo kupita hapo inaziba. Kwa kitanda kimoja cha siterni unahitaji kama litri 300, donk bidoni 15 zilizokatwa mdomo, chukudu (ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo) moja ya nguvu inaleta kwa safari mbili tatu.

Kisha uoshe. Uoshe tena. Wandugu, hii ni kazi yenye hakuna mtu anakuambia, vumbi ya hayo mawe haiishi, mimi na watoto tulishinda siku nzima na beseni, na bado wiki ya kwanza maji ilikuwa kama chai. Haina sumu, lakini inaziba pompi.

Ukikutana na jiwe usilolijua, jeupe jeupe, lidondoshee siki. Likitoa povu liko na chokaa, litapandisha pH kila siku (pH ni kipimo cha asidi mu maji, namba ikishuka asidi imezidi), liache.

Maji inaingia na inatoka namna gani

Ku kitanda maji lazima ijae kisha ishuke, ijae, ishuke. Ikijaa mizizi inakunywa, ikishuka inavuta hewa. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni sifoni ya kengele. Unatoboa chini ya kitanda, unasimamisha tiyo ya milimita 32 yenye urefu wa sentimita 20, hiyo njo inapima maji, inabaki sentimita 5 chini ya uso wa mawe ili juu pakauke. Juu ya hiyo unafunika tiyo nene ya 75 ama 90, hiyo njo kengele, imefungwa kichwa bila kupitisha hewa, imekatwa meno chini, na kati ya kichwa chake na mdomo wa ile tiyo ya ndani uache sentimita 2 ao 3. Nje kabisa unaweka tiyo ya 110 yenye matundu, ya kuzuia mawe. Maji ikipanda mpaka juu ya tiyo ya ndani inaanza kuvutwa, kitanda chote kinashuka kwa kelele kama mtu anamaliza soda na paye, mpaka hewa inaingia kwa yale meno, inakata, inaanza tena. Ikikataa kuanza, maji inatiririka tu kidogo kidogo, basi pompi yako ni dhaifu, ongeza mwendo ama weka kona ku mwisho wa tiyo ya kutokea. Ikikataa kukata, punguza mwendo. Utashinda nayo siku mbili ukitukana, ni kawaida.

Ya pili ni ya wavivu, na ndiyo ninayoipenda. Hakuna kengele. Ni ile tiyo ya 32 peke yake, na chini yake unatoboa katundu ka milimita 8. Pompi unaiwekea taima: dakika 15 inafanya kazi, dakika 45 inalala. Ikifanya kazi maji inaingia nyingi kuliko inayotoka kwa katundu, kitanda kinajaa, ikizidi inapita juu ya tiyo. Ikilala, yote inashuka kwa katundu pole pole. Hakuna kitu cha kuharibika isipokuwa katundu kuzibwa, unakazibua na njiti. Na faida kubwa ni ya umeme, tuseme hapo sasa.

Pompi na kuran

Pompi ya kuzama, yenye inaweza kupandisha litri 800 mpaka 1000 kwa saa kufika juu ya mita moja na nusu. Soma karatasi vizuri: ile namba kubwa yenye wanaandika ku karto ni ya bila kupanda, ukipandisha inapungua sana. Donk nunua yenye imeandikwa karibu mara mbili ya unayohitaji.

Ku kenkayeri (maduka ya vifaa) nyingi utapata za volti 220. Mimi nasema tafuta ya volti 12, hata kama utaagiza. Sisi wote tunajua kuran ya hapa, inaenda saa mbili usiku bila kuaga, na samaki hawangoji. Hesabu iko hivi: pompi ya wati 20 ikifanya kazi dakika 15 kila saa, kwa siku nzima inakula wati-saa 120. Ongeza kapompi kadogo ka hewa ka wati 4 kasikolala, unapata 96 zingine. Jumla 216. Batri ya 12V yenye ampere-saa 40 ukiitumia nusu tu, kama inavyotakiwa ili isife haraka, inakupa 240. Umeona? Inashika siku nzima bila jua. Pano ya jua ya wati 100 inatosha kuijaza, ya 60 inaweza pia lakini sisi tuko na mawingu mingi, usijidanganye.

Kale kapompi ka hewa msikadharau. Kwa kuwa tuko juu, hewa ni nyepesi, maji yetu inabeba oksijeni kidogo kuliko ya Kinshasa ama Dar es Salaam hata kama joto ni sawasawa. Ukiona samaki wanakuja juu asubuhi wanafungua midomo kama wanaomba, ni hewa inakosekana. Ikikufa yote, batri na kuran, chukua ndoo, teka maji ya tanki, imwage toka juu kwa nguvu, mara ishirini, kila saa. Bibi yangu na mimi tulifanya zamu usiku moja hivyo, na tuliwaokoa.

Maji

Hapa someni kwa makini, juu ndipo Goma haifanani na fasi ingine.

Maji ya Kivu si maji ya kawaida. Imejaa chumvi za bikabonati, magnezi na potasi, na pH yake iko karibu 9. Akwaponiki inataka 6 mpaka 7. Kwa pH 7, katika amonia yote yenye iko mu maji, hata asilimia 1 haifiki yenye ni sumu ya kweli. Kwa pH 9 inakuwa karibu theluthi moja. Chakula ile ile, samaki wale wale, hatari mara sitini hivi. Na mboga nazo kwa pH hiyo zinashindwa kunywa chuma, utaona majani mapya inakuwa njano lakini mishipa inabaki kijani, unafikiri ni njaa unaongeza chakula ya samaki, na unaharibu zaidi.

Donk maji ya kujazia iwe ya mvua. Tanki na kitanda vinataka bidoni 40 za litri 20 hivi, mu msimu wa mvua unazipata kwa siku chache. Ila mvua nayo iko na maneno yake: ikipita mu moshi ya Nyiragongo inakuwa na asidi, waulize watu wa upande wa Rusayo na Sake vile mabati yao inaoza. Hiyo asidi inakula zinki ya mabati na zinki inaua samaki. Basi mvua ya kwanza baada ya kiangazi unaiacha imwagike, hata ya kila siku uache dakika za kwanza zioshe mabati, ndipo uweke bidoni.

Sasa utamu wake: bakteria zikifanya kazi pH inashuka yenyewe, na maji ya mvua haina kitu cha kuizuia. Ikifika chini ya 6 bakteria zinalegea. Watu wa ng'ambo wananunua poda za kurekebisha. Wewe unachukua nusu bidoni ya maji ya ziwa, unamwaga pole pole, unapima kesho. Ile bikabonati inapandisha pH, na potasi na magnezi mboga inazitaka. Maji yenye ilitaka kukuulia samaki inakuwa dawa, kwa kipimo.

Lakini kama umechota ku ziwa, kumbuka kuna fasi wanatia klori mu bidoni juu ya kolera, na ya robine nayo iko na klori. Klori inaua bakteria zako zote bila kuchagua. Iache mu beseni wazi siku mbili mbele ya kuitumia. Na maji ambayo haikutiwa klori usicheze nayo: usinyunyize juu ya majani yenye utakula bichi, na nawa mikono.

Kupima pH: kuna vikaratasi na kuna vichupa vya watu wa akwariumu, vyenye kupima amonia na nitriti pia, mimi nilitumiwa toka Kigali. Wakati unangoja, chemsha shu ya zambarau, chukua maji yake, weka matone mu glasi ya maji ya tanki. Ikienda rozi ni asidi, ikibaki zambarau uko vizuri, ikienda bleu ao kijani umepita.

Kungoja

Zungusha maji bila samaki. Kila siku tupa kidole kimoja cha chakula ya samaki ioze. Ukimjua mtu mwenye mfumo wa zamani muombe ndoo ya mawe yake yenye bado yana maji, usiyaoshe, yachanganye na yako, unakata muda karibu nusu. Bila hiyo ni wiki 4 mpaka 6, na kwa baridi yetu inaweza kufika 8. Utaona amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda, inashuka. Siku yenye amonia na nitriti zote mbili ziko karibu na sifuri na nitrati imeonekana, ndipo samaki. Panda mboga mbele, wiki ya tatu hivi, hata zikiwa dhaifu.

Samaki wangapi

Kwa kitanda cha mita mraba 1.2, mboga za majani zinakula chakula ya samaki ya gramu 50 ama 60 kwa siku. Hiyo inalisha kilo 4 ao 5 za samaki. Donk samaki 20, basi. Najua tanki inaonekana tupu, najua utajaribiwa kuweka 60, na mimi nilijaribiwa.

Tilapia ama kambale? Tilapia ni mtamu, watu wanamjua. Ila mimi kwa Goma nasema anza na kambale, sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, kuran ikienda hatakufa haraka. Ubaya wake anaruka, funika tanki na wavu, na wakubwa wanakula wadogo, nunua wenye size moja. Wote wawili kwa baridi yetu wanakua pole, kule kwenye joto tilapia anafika sahani kwa miezi 6 ao 8, hapa hesabu mwaka. Mtu akikuambia miezi minne anakuuzia kitu.

Chakula: mpe kile atamaliza kwa dakika 15, kinachobaki toa. Siku ya baridi sana, maji chini ya 18, usimpe kitu. Kama unatengeneza mwenyewe, chukua wale samaki wadogo wa ziwa wenye tunaita sambaza, waliokauka, wa soko la Kituku, soja iliyokaangwa, na unga wa mahindi, saga pamoja. Sambaza wenye chumvi hapana.

Mboga

Lengalenga, seleri, saladi, puaro, shu ya Kichina, zote zinaenda vizuri. Seleri njo inanilipia, inakatwa inaota tena, na hakuna mama wa Goma anapika bila seleri. Nyanya na pilipili ungoja miezi mitano sita mfumo ukomae. Karoti na viazi sahau, mu mawe zinaota zikiwa zimepindana kama mizizi ya dawa. Wadudu ukiwaona usipulize dawa ya duka, inashuka moja kwa moja kwa samaki. Waondoe kwa mkono ao pulizia maji ya pilipili kidogo sana ku majani tu. Na sabuni hapana, inaharibu matamvua.

Ya kila siku ni dakika kumi: angalia samaki wanakula, sikiliza pompi, jaza maji iliyopotea, bidoni moja kila siku mbili ama tatu, mu kiangazi hata kila siku. Kila wiki pima pH, safisha wavu wa pompi. Majani mapya ikianza njano na pH iko sawa, weka poda ya chuma ya kilimo, ile nyekundu ya kuyeyuka, kijiko kidogo.

Siku ya kuvua, mtoe samaki mu tanki mumuweke mu beseni kubwa la maji safi isiyo na klori, na kale kapompi ka hewa, bila chakula siku mbili, ile ladha ya matope inatoka. Kisha usitoe wote 20 mara moja juu ya sherehe, mboga zitabaki na njaa: toa watano, rudisha watano wadogo, lakini wape wadogo kikapu chao ndani ya tanki mpaka wakue, la sivyo kaka zao kambale watawakaribisha kwa namna yao.